Namna ya Kuua Mtutu kwa Heshima Zote

Richard Burton alipopita hapa mwaka 1857 aliandika kwamba jina Tura ni amri: tua! Mnyamwezi hahitaji kufasiriwa. Kutula ni kutua, na wapagazi waliofika hapa walikuwa na kila haki ya kutua. Nyuma yao walikuwa wameuacha Mgunda Mkali, pori la kiu na miiba kati ya Ugogo na Unyamwezi. Mbele yao, mwendo wa siku chache kupitia Rubuga na Kigwa, palikuwa na Tabora, na Tabora kulikuwa na macho ya watu.

Porini hakuna anayekutazama ila fisi. Ukifika Tura unatua mzigo, unajikung'uta vumbi, unajiangalia, unaona bunduki yako imekuwa na rangi ya kichuguu. Na mji huo unakaribia. Misafara ilikuwa ikiingia Unyanyembe, nchi ya Tabora, kwa mbwembwe: nguo safi zilizofichwa mizigoni tangu Bagamoyo, bendera mbele, bunduki zinalia hewani. Stanley aliingia hivyo hivyo Juni 1871. Sasa mtu mwenye akili zake, aliyebakiwa na siku mbili tatu za kupumzika na bunduki yenye kutu, angefanya nini?

Angesugua nje.

Mimi ni mrithi wa watu hao na sioni haya. Nimekaa na bunduki za watu wa ukanda huu miaka mingi, magobore (gobole, kama tunavyotamka huku) na raifoli, na nimezishuhudia zikifa moja baada ya nyingine, zote zikiwa zinang'aa. Ujuzi wa namna hii haufai kwenda nao kaburini. Kama una bunduki yako, una leseni yako, na una nguruwe pori wanaokusubiri shambani, sogea nikuelekeze. Kama huna leseni, sisi hatujaonana. Nenda polisi taratibu ukaisalimishe.

1. Usichague mdeki. Chukua kilicho karibu.

Mdeki wa asili, ule uliokuja na bunduki ukikaa chini ya mtutu, ulishapotea. Usijilaumu. Mideki yote ya Tura ilipotea kwa njia moja: sikukuu ilikuja, nyama ikapatikana, mtu akauliza kama kuna kitu kirefu chembamba cha kuchomea mishikaki. Sasa unahitaji mbadala, na bahati nzuri dunia imejaa vitu virefu vyembamba.

Mbadala ninaoupenda kuliko yote ni nondo. Chukua ya milimita 6, ile ambayo mafundi wanakunjia ringi za nguzo. Tangu reli mpya ya kutoka Makutupora kwenda Tabora ianze kujengwa, hakuna mtu wa ukanda huu anayeweza kusema hajui nondo. Inapita vizuri kabisa ndani ya mtutu wa .303, ambao tundu lake ni milimita 7.7, na inabeba kutu yake yenyewe, kwa hiyo hutapata shida ya kutafuta msasa. Ikiwa imepinda kidogo katikati, usiinyooshe. Mpindo ndio unaofanya isugue ukuta wa mtutu kila inapopita, na hasa mdomo.

Utakutana na watu wa kukukatisha tamaa. Watakuambia fimbo nzuri ni ya kipande kimoja, imenyooka, ni ya shaba njano ambayo ni laini kuliko chuma cha mtutu, au ni ya chuma kilichovikwa plastiki, na kishikio chake kinazunguka ili kitambaa kifuate mifereji ya ndani badala ya kuikwangua. Watakuambia pia uifute fimbo yenyewe kila inapotoka, maana chembe moja ya mchanga iliyonata juu yake inakata kama tupa. Wasikilize kwa adabu. Kisha waulize fimbo hiyo inauzwa duka gani hapa Tura. Watanyamaza, na wewe utaendelea na nondo yako.

Kama unataka kuonekana wa kisasa, tafuta ile fimbo ya vipande vitatu vya kufungana kwa skrubu, inayokuja ndani ya kiboksi kizuri. Hii naipenda kwa sababu ya unafiki wake. Inaonekana ni kifaa cha mtaalamu, lakini kila kiungo kina ukingo mdogo, na kila ukingo unagonga mtutu unapoingia na unapotoka. Ya alumini ni bora zaidi kwa kazi yetu: alumini ni laini mno, mchanga unajikita ndani yake na kukaa humo, na kuanzia siku hiyo unamiliki msasa mrefu wenye kiboksi.

Fimbo ya mti nayo ina heshima yake. Wazee walichonga mdeki kwa mti mgumu ulionyooka, na walifaulu kwa muda mrefu, kwa hiyo usiwaige. Chonga wako kwa mti wowote mbichi, uliokatwa jana. Utavunjikia ndani, na kipande kitabaki humo kikisubiri hatua ya sita.

2. Ingia kwa mdomo kila mara.

Hapa ndipo ubingwa ulipo, naomba utulie.

Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho ambapo risasi inashikana na bunduki. Mpaka pale inaongozwa. Ikishatoka, iko peke yake. Ukingo wa mdomo ukiwa mviringo safi, moshi wenye nguvu unaisukuma risasi sawasawa kutoka pande zote na inaenda ilikotumwa. Ukingo ukilika upande mmoja, moshi unatorokea upande huo, unaipiga risasi kikumbo cha kuagana, na risasi inaondoka ikiyumba. Ulikatika unywele mmoja tu pale mdomoni. Kule shambani, hatua mia mbali, nguruwe anaendelea na mahindi yako.

Ndiyo maana wenye kujali wanaingiza fimbo kutoka nyuma, kwenye chemba, bolti ikiwa imetolewa, na wanaifuata risasi njia ileile inayopita yenyewe. Wewe ingia mbele. Ni haraka, huhitaji kutoa bolti, na uchafu wote unausukumia kwenye chemba na kwenye mitambo, ambako utakaa vizuri bila kusumbuliwa.

Kuna bunduki ambazo hazikupi hiari. Gobore limezibwa nyuma, mlango ni mmoja tu. Na ile SAR yenye singe ya kukunja, wengi waliopita mafunzo wanaijua, nayo husafishwa kwa mdomoni. Kwa hizo wenye busara hukunja vidole kuzunguka fimbo pale inapoingia, au huvalisha kikombe kidogo cha shaba chenye tundu katikati, ili fimbo isiguse ukingo. Kikombe hicho ni kidogo sana na hupotea mapema. Ukikiona kwenye kiboksi, mpe mtoto achezee.

Babu zetu waliotumikia King's African Rifles walikuwa na njia nyingine, na sharti niizungumzie kwa sababu karibu iharibu biashara yetu. Lee-Enfield yao ilikuwa na kifuniko cha shaba kwenye kitako. Ukikifungua, ndani kulikuwa na chupa ya mafuta na kamba. Kamba ile ilikuwa na kizito cha shaba upande mmoja na vitanzi upande mwingine. Unadondosha kizito kutoka kwenye chemba, kinatokeza mdomoni, unapachika kipande cha flaneli cha inchi nne kwa mbili kwenye kitanzi, unavuta mara moja bila kusimama. Hakuna fimbo, hakuna kugongana, njia ni ya risasi yenyewe. Karibu haiwezekani kuharibu.

Nasema karibu. Kamba ukiivuta kwa kuipindisha upande, ikilalia ukingo wa mdomo kila siku, na ikiwa na mchanga wa Tabora ndani ya nyuzi zake, itachimba kijifereji chake pale pale. Inachukua muda. Lakini wewe ni mtu wa subira.

3. Maji ni adui. Waambie wote.

Ukifanya kosa katika hatua zote na ukapatia hii moja, bunduki itakufa tu. Kwa hiyo sikiliza.

Baruti nyeusi ya gobore ni vitu vitatu: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa hata kidogo. Inabaki kuwa vumbi na masizi. Sehemu inatoka na ule moshi mzito mweupe, sehemu inaganda ukutani mwa mtutu. Na kilichoganda kwa kiasi kikubwa ni chumvi. Chumvi ina tabia moja unayoifahamu jikoni: inavuta unyevu. Iache usiku kucha ndani ya chuma, Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, na asubuhi utakuta mtutu umeota nywele nyekundu.

Chumvi inayeyuka kwenye maji. Haiyeyuki kwenye mafuta. Mpishi yeyote anajua hilo, lakini ukiliweka kwenye bunduki watu wazima wanalikataa. Njia ya kweli ya kusafisha gobore ni ya kudhalilisha kwa wepesi wake: maji ya moto, sabuni ya mche, kitambaa kwenye mdeki, pandisha shusha mpaka maji yatoke meupe, kisha suuza kwa maji yanayochemka. Chuma kikishapata moto wa maji yale kinajikausha chenyewe. Baada ya hapo, na si kabla, unapaka mafuta. Hata jeshi la Waingereza, kwa risasi zao za .303 ambazo fataki zake ziliacha chumvi ya namna hiyo, lilikuwa na faneli ya kumimina maji yanayochemka kutoka kwenye chemba. Jeshi zima na birika lake.

Wewe usifanye hivyo. Simama barazani, tikisa kichwa, sema kwa sauti ya mtu aliyeona mengi: "Maji na chuma wapi na wapi?" Hakuna atakayekubishia. Kisha mimina oili chafu, ile iliyotolewa kwenye pikipiki, nyeusi kama kope. Itaifunika chumvi vizuri, itailinda isipigwe na upepo wala kuguswa na kitambaa, na chini ya blanketi hilo kutu itafanya kazi yake kwa utulivu. Mafuta ya taa nayo yanafaa. Yanasafisha mikono, yanatoa harufu ya bidii, na hayaigusi chumvi kabisa.

Kiangazi kitakusaidia. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya Tabora ni kavu, bunduki isiyosafishwa inaweza kuvumilia wiki nzima na wewe ukajiita fundi. Mvua zikianza ndipo siri inatoka, na hapo utasema ni baruti ya siku hizi.

Kuhusu ukavu, nchi hii ina mfano mmoja ambao sitaufanyia mzaha. Januari 1893 Wajerumani chini ya Tom von Prince waliivunja boma ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike hakutoka na mikono juu. Alijilipua kwenye ghala lake la baruti. Baruti ile ilikuwa imetunzwa.

4. Jifunze jicho la mkaguzi.

Nilipokuwa kijana nilipita kwenye mafunzo ambayo sitayataja, chini ya afande ambaye pia sitamtaja, maana huenda bado anasoma. Kila jioni tulipanga mstari kwa ukaguzi. Afande alifungua chemba, akaweka ukucha wa kidole gumba pale nyuma ili uakisi mwanga, akachungulia kwa mdomoni. Ukucha ule ulikuwa unaona kuliko miwani. Mtutu mchafu unaonekana kama bomba la moshi. Mtutu safi unaonekana kama pete ndani ya pete ndani ya pete, mpaka kwenye ukucha.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mrefu, mpole, aliyesafisha nusu saa nzima kila siku. Mimi nilisafisha dakika mbili. Siri yangu ilikuwa kitambaa chenye mafuta mepesi, nilichokipitisha mara moja afande akiwa amebakiza watu watatu kunifikia. Mafuta mabichi yanang'aa. Yanajaza mashimo ya kutu kama maji yanavyojaza mashimo ya barabara: ukitazama kwa mbali, lami safi. Afande alichungulia kwangu, akaguna kwa kuridhika. Akachungulia kwa yule mpole, ambaye mtutu wake ulikuwa mkavu na safi kwelikweli lakini hauna mng'ao, akamwambia arudie.

Siku ya shabaha nilipiga risasi zangu zote na karatasi ikabaki bikira. Afande akasema macho yangu ni mabovu. Nilikubali haraka sana.

Kwa hiyo kumbuka mpangilio: mafuta dakika ya mwisho, si mapema. Na ukienda kumwonyesha mtu bunduki, chagua saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wake.

5. Nje, nje, nje.

Sihitaji kukuelekeza sana. Mtu wa Tabora ana nta, na nta kwenye kitako cha mninga ni kitu cha kumliza mwanaume. Sugua kwa kiganja mpaka mti upate moto. Funga ngozi mpya ya begani. Picha ya simu haina uwezo wa kuingia ndani ya mtutu.

6. Makosa mawili ambayo siyauzi.

Mimi nafundisha kushindwa kwa heshima, na kushindwa kwa heshima kunahitaji uwe hai. Yapo mambo mawili ambayo hayana heshima hata kidogo.

La kwanza ni kusafisha bunduki iliyoshindiliwa. Magazeti yetu yana sentensi yaliyoizoea mno: "alikuwa akisafisha bunduki yake." Kwa raifoli, fungua chemba, tazama, kisha ingiza kidole kama vile huamini macho yako. Kwa gobore huwezi kutazama, kwa hiyo mdeki una kazi yake ya pili: ushushe mpaka chini bunduki ikiwa tupu, uweke alama pale ulipolingana na mdomo. Siku yoyote alama ikibaki juu ya mdomo, kuna kitu ndani. Usidhani wewe si mtu wa kusahau. Baada ya mapigano ya Gettysburg kule Marekani mwaka 1863 ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na nyingi mno zilikuwa zimeshindiliwa, nyingine mara mbili, nyingine mara tatu, moja inasemekana mara 23. Mwenye nayo alikuwa akishindilia na kushindilia katika makelele yale, akiamini anapiga. Sasa jaribu kumsafishia mtu huyo.

La pili ni kitambaa au kipande cha mdeki kilichokwama. Utasikia ushauri mfupi: "Kifyatue tu kitoke." Kilichokwama hakitoki mbele ya risasi, kinaisimamisha, na nguvu yote iliyokuwa iende mbele inatafuta mlango mwingine, na mlango wa karibu ni mtutu wenyewe, karibu na mkono wako wa kushoto. Kapeleke kwa fundi mwenye kibali cha silaha. Mwambie ni ya jirani.

7. Andaa visingizio kabla ya kutoka.

Mtutu wako sasa umekamilika. Mdomo umelika upande, mifereji imejaa masizi, kutu imechimba vishimo vinavyotosha kupanda karanga. Utakosa. Swali ni utasema nini.

Kulaumu macho kunazeesha. Kulaumu upepo kunachosha wasikilizaji, hasa usiku usio na upepo. Kulaumu risasi ni kuzuri zaidi, na kuna historia nyuma yake. Askari wa Kijerumani katika nchi hii waliingia vita ya 1914 wengi wao wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, ya baruti nyeusi. Kila mmoja wao alipofyatua, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake kama mtu anayejitambulisha kwa jina, na adui alilenga wingu. Hata bunduki zilizofuata hazikuja bila mkosi: meli iliyozileta mwaka 1915 ilizamishwa Ghuba ya Manza karibu na Tanga, na risasi zake zililowa maji ya bahari zikabidi zifunguliwe na kuanikwa. Tabora yenyewe ilianguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Katika yote hayo hakuna mtu aliyesimama akasema, "Tatizo ni mdeki wangu." Na wewe usiwe wa kwanza.

Kisingizio bora kuliko vyote ni cha nyumbani: nguruwe ana dawa. Sema ulimwona amesimama, ukamlenga begani, ukafyatua, akakutazama. Ongeza kwamba alikutazama kama mtu. Wasikilizaji watasogeza viti. Kabla hujamaliza, mzee mmoja ataleta kisa chake kikubwa kuliko chako, na mtutu wako hautatajwa tena usiku ule.

Angalia tu usikisimulie mbele ya sungusungu. Wale wana pinde na mishale, silaha isiyo na tundu la kusafishwa, na wanakupata pale wanapokulenga. Wana dharau fulani.

8. Rithisha.

Bunduki haifi siku moja. Ukifuata haya yote kwa uaminifu, itachukua miaka, na ukishamaliza bado itakuwa nzuri ukutani. Mwanao akiuliza, mwambie ni ya ukoo. Akitaka kuisafisha, mpe nondo. Akikuuliza kwa nini tusitumie maji ya moto, kama alivyosoma shuleni kuhusu chumvi na uyeyukaji, mwambie mtoto habishani na mkubwa, kisha badili mazungumzo haraka, kwa sababu huyo ni hatari.

Nami kwa kuwa nimekufungulia kifua changu chote, niruhusu neno moja la binafsi. Nina eka tatu za mahindi upande wa kusini wa reli. Nguruwe wanaingia kuanzia saa nane usiku, kumi na mmoja kwa hesabu ya jana, na mwezi huu wameniletea mpaka watoto. Majirani wanne wamekuja kunisaidia, wote wana leseni, bunduki zao zinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na mimi ndiye niliyewafundisha. Kama uko kati ya Goweko na Tura, na una bunduki ya leseni, mbaya sura, ambayo inasafishwa kwa maji ya moto na sabuni ya mche na kuingizwa fimbo kutoka nyuma, njoo kabla ya Jumamosi. Chai ipo, asali ipo, na birika liko motoni muda wote. Ukimpitia jirani yangu njiani, mwambie arudishe mdeki wangu. Mishikaki ilishaliwa tangu Pasaka.